Mnara Unaohesabiwa Kutoka Juu

Mume wangu ananifika begani, na kiwandani walimwita Bwana Mnara. Mtu asiyejua angedhani ni kejeli. Hapana, walikuwa wakimheshimu, au walikuwa wakimwogopa, na yeye hakuwahi kujali kutafuta tofauti.

Kiwanda chenyewe ni cha rangi. Kinatengeneza rangi za kuta, rangi za mabati, na ile ya kijivu ya mageti inayonunuliwa kuliko zote ingawa sijapata kukutana na mtu anayeipenda. Mume wangu alikuwa idara ya takwimu, chumba cha ghorofani chenye madirisha yanayotazama mapipa. Siku nzima alikaa mbele ya lahajedwali, ile karatasi ya vijumba iliyomo ndani ya kompyuta, akijumlisha lita zilizouzwa, lita zilizomwagika, na lita ambazo kila mtu aliapa kwamba hakuziona. Alikuwa hodari, sitamnyima haki yake. Ndiyo maana wakampa ukuu wa idara, na mkuu wa idara ndiye anayewasaili wanaotaka kazi.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kila aliyekuja kusailiwa alijua kujumlisha safu ya namba, kwa hiyo mume wangu akakosa namna ya kuwachuja. Akakumbuka jambo alilolisoma ujanani, akaja kunieleza jikoni nikikata vitunguu. Alisimama nyuma yangu. Hiyo ni tabia yake ya siku zote: humsimamia mtu mgongoni, akaangalia mikono yake inavyofanya kazi, na kupumua.

"Sikiliza, mama watoto," alisema. "Ukijumlisha namba ileile tena na tena, huko ni kuzidisha. Ukizidisha tena na tena, unapata kipeo. Tatu mara tatu mara tatu ni ishirini na saba, ndiyo tatu yenye kipeo cha tatu. Sasa ukirudia vipeo vyenyewe, kipeo juu ya kipeo, unapata nini?"

"Kizunguzungu."

"Unapata mnara," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Basi akatengeneza fomula yake na kuiita MNARA. Unaipa namba, unaiambia mnara uwe na ghorofa ngapi, nayo inakurudishia jibu. Aliijaribu kwanza kwa mbili, ghorofa tatu. Kompyuta ikasema kumi na sita. Akachukua kalamu, akahesabu kwenye gazeti, akapata kumi na sita. Akapiga meza. Kisha akaijaribu kwa tatu, ghorofa tatu, ikatoa elfu kumi na tisa mia sita themanini na tatu. Hiyo hakuihakiki kwa kalamu, kwa kuwa mbili ilishakubali, na mume wangu akishakubaliwa mara moja haombi tena. Aliendelea kupandisha mpaka ghorofa ya sita, na ya saba kompyuta ikakataa, ikaandika kosa. Alitembea nyumba nzima akinihesabia hizo ghorofa sita. Sisi wenyewe tunaishi nyumba ya chini yenye bati linalovuja.

Tangu siku hiyo, aliyetaka kazi kwenye takwimu za rangi alikalishwa mbele ya kompyuta, akaambiwa ajenge mnara wa tatu wenye ghorofa tatu. Akipata elfu kumi na tisa na ushee, karibu. Akipata kitu kingine, kwaheri. Kiwanda hakijawahi kuhitaji tatu yoyote ijengewe tatu nyingine juu yake. Lita zinajumlishwa, basi. Lakini mtihani ulikuwa mgumu, na jambo likiwa gumu wakubwa hudhani lina maana. Miaka ikapita, idara ikajaa watu waliopita pale, na jibu likajulikana mjini mpaka kwa mafundi viatu. Wenye kutaka kazi walilikariri kama namba ya simu.

Kijana wetu alipooa, alituletea mkamwana mpole, mwenye kichwa chepesi na mkono mwepesi. Walikaa kwenye vyumba vya uani. Nilimpenda haraka, na mimi si mtu wa kupenda haraka. Kitu kimoja kilinikera: binti mwenye akili kama yule alikuwa akibangaiza. Alifundisha watoto wa watu jioni, akishika kazi za mkataba ambazo zilimalizika kabla hajajua choo kiko wapi. Kila nilipomuuliza kwa nini hajaomba kiwandani kwa baba mkwe wake, alicheka kidogo na kubadilisha mazungumzo.

Siku moja tulikuwa tunachagua mchele, nikamkaba.

"Mama, mimi nilishasailiwa na baba," alisema bila kuinua uso. "Kabla sijamjua mwanao. Hanikumbuki, maana alisimama nyuma yangu muda wote. Aliona kilemba tu."

"Ukakosa?"

"Niliandika trilioni saba na kitu. Akaniambia, 'Binti, hapa tunatengeneza rangi, hatutengenezi ndoto.' Nikachukua mkoba wangu."

Nikamuuliza nani alikuwa sahihi. Akachukua punje tatu za mchele, akazipanga kwenye sinia, moja juu ya nyingine, kila moja imesogea kidogo kulia kama ngazi.

"Hii ya juu kabisa imekaa juu ya nani, mama?"

"Juu ya hii ya kati."

"Haya. Kwa hiyo hizi mbili unazimaliza kwanza, zinakuwa ishirini na saba. Hizo ishirini na saba ndizo zinakaa juu ya hii ya chini. Unaizidisha tatu kwa tatu kwa tatu, tatu ishirini na saba mfululizo. Mnara unahesabiwa kutoka juu. Baba anaanzia chini. Anamaliza hii na hii, halafu anachukua jibu analipandisha tena kwa tatu. Anapata kitu kidogo sana."

"Lakini alihakiki kwa mbili. Nilikuwepo."

"Kwa mbili, ghorofa tatu, njia zote zinatoa kumi na sita. Angeongeza ghorofa moja tu angeona." Akazirudisha punje kwenye mchele. "Tafadhali usimwambie. Ni baba." Nikamwahidi.

Nilikasirika nikakosa pa kuiweka hasira. Nikichagua mchele nilikuwa natupa mchele na kubakiza mawe. Mtu ninayelala naye kitanda kimoja alikuwa amemfungia mlango binti huyu kwa sababu ya jibu sahihi, na sasa binti yuleyule anampikia chai na kumwamkia kila asubuhi.

Halafu ukafika wakati wa mume wangu kustaafu. Nafasi yake ikatangazwa, na mkamwana akaomba, kwa sababu safari hii mkataba wake ulikuwa umeisha na hakuna mwingine ulioonekana. Mume wangu alikwenda kwa mkurugenzi kumwambia kwamba mke wa kijana wake yumo kwenye waombaji. Mkurugenzi akasema hakuna neno, mtihani ni uleule, na faili zao zitakuwa na namba badala ya majina. Nami nikajua kwamba binti ataandika kweli yake kama alivyoiandika zamani, na kwa kweli hiyohiyo atafungiwa mlango mara ya pili. Hapo nikaamua kufanya jambo, ila bila kuvunja ahadi.

Mwanya wa kufanya hivyo nilipewa na kiwanda. Walitaka kumuaga kwa kumchorea mnara wake kwenye ukuta wa geti, tatu tatu tatu na jibu lake, kwa rangi ya bluu iliyokosewa kuchanganywa ambayo hakuna mteja aliyeitaka. Mchoraji akaomba mfano. Mume wangu akakaa mezani, akageuza kalenda ya zamani, akachora tatu kubwa, na nyingine ndogo begani kwake, na nyingine ndogo zaidi begani kwa ile. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake.

"Hii ndogo ya juu kabisa," nikamwambia, "imekaa juu ya nani?"

"Juu ya ya kati. Huoni?"

"Naona. Nilidhani imekaa juu ya zile mbili zote kwa pamoja. Wewe si ndivyo unavyohesabu?"

Alicheka. Halafu kicheko kikakatika katikati, kama redio ikikatiwa umeme. Aliitazama kalenda, akaweka kidole kwenye tatu ya juu, akakishusha taratibu. Kisha akaondoka kwenda chumbani kwenye kompyuta. Mle ndani fomula yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa inasema: chukua jibu lililo juu, lipe kipeo cha tatu. Akaigeuza iseme: chukua tatu, ipe kipeo cha jibu lililo juu. Badiliko lenyewe lilikuwa kuhamisha vitu viwili vikabadilishana nafasi kwenye alama ya kofia, ile inayoandikia kipeo. Akaiburuta fomula chini, vijumba vikajijaza. Aliporudi sebuleni alikuwa amefifia.

"Mama watoto, nimejenga kichwa chini miguu juu."

"Kumetoka ngapi?"

"Trilioni saba na ushee. Na ghorofa ya nne haijengeki, kompyuta inakataa palepale." Alikaa. Nadhani hilo la ghorofa ndilo lililomuuma kwanza. Mnara wake wa uongo ulikuwa na ghorofa sita, na wa kweli umeishia ya tatu. Baadaye ndipo akafika nilipotaka afike. "Idara nzima. Wote niliowachukua walikosea."

"Na uliowaacha?"

Usiku ule hakula. Asubuhi aliniambia ameamua: mtihani utabaki, ila atasahihisha kwa jibu la kweli, na siku ya kuagwa atasimama mbele ya watu aseme mwenyewe. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, hasa uani, maana kwake kuvujisha mtihani ni dhambi inayofuata baada ya kuua. Niliapa kwa moyo mweupe. Kwa nini nisiape? Binti alishawahi kuandika kweli bila kuambiwa na mtu. Nililala nimeridhika kama mtu aliyelipwa.

Nilichosahau ni kwamba nina mtoto wa kiume, na mtoto huyo amerithi akili za baba yake za kuhakiki nusu. Kwa siri, huko uani, alikuwa akimbembeleza mkewe. "Mke wangu, usishindane na mzee. Andika anachokitaka. Ukishaingia utakuwa na maisha yote ya kuwa sahihi." Binti alikataa. Akambembeleza tena. Mpaka siku ya mtihani, aliniambia baadaye, alikuwa hajui atafanya nini.

Yaliyotokea kwenye chumba cha mtihani nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kivyake, na simulizi zao zinafanana kwa kila kitu isipokuwa maana.

Waombaji walikalishwa kwenye safu mbili. Mume wangu akawa anapita katikati, mikono nyuma. Mkamwana akakaa muda mrefu bila kugusa kitu. Kisha vidole vyake vikaenda vyenyewe: tatu kwenye kijumba cha kwanza, fomula kwenye cha pili, akaburuta. Trilioni saba, bilioni mia sita ishirini na tano, na zile nyingine zote, zikajipanga kwenye kioo. Wakati huohuo mume wangu akafika nyuma yake.

Akasimama. Yeye anasema alisimama kwa furaha. Anasema aliona jibu la kweli kwenye ukoo wake mwenyewe, akashindwa kuondoka. Akawa anapumua. Ninaijua ile pumzi, nimekata vitunguu nikiisikia miaka yote.

Binti naye aliisikia. Mara ya mwisho kuisikia ilikuwa kabla ya kuambiwa kuhusu rangi na ndoto. Akafikiri: amekasirika, ananionya, ananipa nafasi. Akangoja kidogo, labda ataondoka. Hakuondoka upesi. Mwishowe mume wangu aliondoka, na hapo ndipo ilipoharibika kabisa. Alipomsikia akienda zake, binti alidhani amekata tamaa naye. Akafuta, akaandika fomula ya kuanzia chini, akaburuta, ikatoka elfu kumi na tisa mia sita themanini na tatu. Akaipanga vizuri, akaiwekea mistari, akahifadhi.

Jioni hiyo tulikula pamoja, na wote wawili waliingia sebuleni kwa namna iliyonichanganya. Binti alikuwa mtulivu, amechoka, na ana tabasamu la mtu aliyemeza dawa chungu kwa ajili ya mwenzake. Mume wangu alikuwa ameshafungua mafaili, na uso wake ulikuwa umekunjamana. Kijana wetu peke yake ndiye aliyekula kwa raha.

"Hakuna hata mmoja," mume wangu alisema akiitazama sahani. "Wote wameandika elfu kumi na tisa. Wote kabisa."

"Si ndiyo jibu, baba?" kijana aliuliza.

"Siyo jibu. Halijawahi kuwa jibu. Nimekosea miaka yote, na nilibadilisha usahihishaji." Akageuka kwa mkamwana. "Nilikuona, mwanangu. Nilisimama pale nikakuona umepata. Kwa nini ulifuta?"

Binti aliweka kijiko chini. "Nilidhani umekasirika."

"Nilikuwa nimefurahi."

"Sikuuona uso wako, baba. Hata ile mara ya kwanza sikuuona."

"Mara ya kwanza ipi?"

Akamwambia. Alimwambia kwa upole, bila kuinua sauti, jinsi alivyokuja akiwa ndiyo kwanza amemaliza masomo, alivyojibu, na maneno aliyoambiwa. Mume wangu aliyatambua maneno yake, maana alishawaambia wengi. Nimeishi naye ujana wote na uzee huu, na sijawahi kumwona akiwa mfupi kama alivyokuwa kwenye kile kiti. Nilimhurumia. Nilimkasirikia pia, na vyote viwili vilikaa pamoja bila kugombana.

Kesho yake alikwenda kwa mkurugenzi kueleza kila kitu. Alimchorea zile tatu tatu kwenye ubao. Mkurugenzi alimsikiliza kwa heshima anayopewa mtu anayeondoka mwisho wa mwezi.

"Mzee," alisema, "waombaji wote wanasema elfu kumi na tisa. Idara yako yote inasema elfu kumi na tisa. Ukutani mchoraji hakungoja mfano wako, ameshapaka elfu kumi na tisa, na rangi imekauka. Wewe peke yako unasema trilioni."

"Kwa sababu ndiyo kweli."

"Mzee wangu, si wewe uliyetufundisha? Hapa tunatengeneza rangi, hatutengenezi ndoto."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Aliponisimulia hakuwa na hasira. "Nimesikia linavyouma," aliniambia, na akalala mchana, jambo ambalo halifanyi.

Na kwa kuwa wote walikuwa na jibu moja, mkurugenzi alichagua kwa usafi wa kazi. Faili lililopangwa vizuri kuliko yote, lenye mistari, lilikuwa la mkamwana wetu. Akapata nafasi. Kwa jibu la kweli alifukuzwa, kwa la uongo akapewa kiti cha baba mkwe wake, na dirisha linalotazama mapipa. Nilimuuliza kama ataikubali. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama atapumua. Kijana wetu alijipiga kifua wiki nzima kwamba ushauri ulikuwa wake, na la kuudhi ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Sherehe ya kuaga ilifanyika. Mume wangu alisimama kuungama, watu wakadhani ni mzaha wa mtu mnyenyekevu, wakapiga makofi. Pale getini mnara wake ungali upo, bluu iliyokosewa. Jambo la kwanza alilofanya mkuu mpya wa idara lilikuwa kumwita mchoraji alifute jibu. Trilioni zote zile hazikutosha kwenye ukuta, kwa hiyo baada ya alama ya sawasawa pakabaki patupu, na wapita njia wanadhani rangi iliisha. Kwenye kiwanda cha rangi.

Kisha ikatokea nafasi kwenye idara, na mkamwana akawasaili watu wake wa kwanza. Jioni mume wangu alikuwa ameshakaa kwenye mlango wa uani kabla hajafika, akijifanya anatengeneza bawaba.

"Umewauliza nini?" alimuuliza.

"Swali lako lilelile, baba."

"Wakajibu?"

"Wengi elfu kumi na tisa. Msichana mmoja aliandika trilioni, akaogopa, akataka kufuta. Nikamwambia aache."

Mume wangu alizungusha bisibisi mkononi. "Ulijuaje kwamba anaogopa? Mtu anayejua kitu huwa haonyeshi."

"Alionyesha usoni," mkamwana alisema. "Mimi nilikaa mbele yao."

Akaingia ndani kuvua viatu. Mume wangu alibaki pale na bawaba yake mpaka giza likaingia.

Siku iliyofuata nilikuwa jikoni, nikasikia nyayo zake, nikajiandaa kupumuliwa mgongoni. Akanipita. Alizunguka meza yote, akabana tumbo kupita kati ya kabati na ukuta, akaja kusimama mbele yangu, upande wa pili wa jiko, akiniangalia usoni kama mtu anayesoma saa. Ananizibia mwanga, na kila nikitaka sufuria inabidi nimzunguke. Ndipo anaposimama siku zote sasa. Sijamwambia asogee.